Mjadala: Bangi ya daktari hapa Albury-Wodonga, mbona dawa ni halali na leseni ya udereva inakwenda?

MLETA HOJA

Salaam jamani. Nalileta hili hadharani kwa sababu kwenye vikao vyetu linasemwa kwa kunong'ona, watoto wakishalala.

Kwa wasiokaa huku Australia: Albury iko jimbo la New South Wales, Wodonga iko jimbo la Victoria, na mto Murray unapita katikati. Kimaisha ni mji mmoja, kiserikali ni miwili. Mtu analala Wodonga, kazi anafanya Albury, sembe ananunua upande huu, kanisani anakwenda upande ule. Waswahili wengi wa hapa ni ndugu zetu wa Kongo, na sisi wachache wa Kenya na Tanzania tumejibanza humo humo. Tunavuka daraja kutwa mara nne bila kukumbuka kwamba tumebadilisha sheria.

Jirani yangu mmoja mgongo wake umekwisha kwa kubeba mizigo ghalani. Vidonge vya maumivu vilimchoma tumbo, vya kulalia vikamfanya kama zezeta. Daktari akamwandikia mafuta ya bangi, matone usiku kabla ya kulala. Si ya kichochoroni: yametoka duka la dawa, chupa ina jina lake, risiti anayo. Asubuhi moja, akiwa kwenye usukani, akasimamishwa na polisi upande wa Albury. Pombe sifuri. Macho meupe, maneno yamenyooka. Akapewa kile kijiti cha kulamba, kikasoma THC, yaani kile kiambata cha bangi kinacholevya. Leseni ikasimamishwa miezi 3, na faini juu yake. Zamu yake inaanza saa 11 alfajiri, na saa hizo basi hakuna. Wiki ya pili kazi akapewa mwingine.

Akaniuliza, "Kwani daktari alinidanganya?" Hakumdanganya, na hapo ndipo ubishi wangu ulipo.

Sheria ya usafiri wa barabarani ya New South Wales, ya 2013, haiulizi kama umelewa. Inauliza kama THC imo mwilini, basi. Cheti cha daktari hakikutetei. Lakini sheria hiyohiyo, ukikutwa na mofini na ikathibitika uliitumia kwa matibabu, inakupa utetezi. Mofini, jamani! Dawa inayomlaza mtu kama gogo ina mlango wa kutokea, matone ya jana usiku hayana.

Vuka daraja. Victoria si watu legelege kwenye jambo hili. Wao ndio walioanza duniani kupima mate ya madereva kwa kushtukiza, Desemba 2004. Hata hivyo, tangu tarehe 1 Machi 2025, dereva mwenye cheti halali, aliyetumia dawa kama alivyoelekezwa na hakuwa amelewa, hakimu wa Victoria anaweza kumwachia leseni yake. Zamani kufutwa kulikuwa lazima. Kosa bado ni kosa, msije mkanisoma vibaya. Tasmania wamekwenda mbele zaidi, mwenye cheti ana utetezi kamili. Na kinachokukamata ni sheria ya pale uliposimamishwa, leseni yako iwe imetolewa wapi.

Na msifikiri habari ya dawa hii ililetwa na wahuni wa jiji. Ilisukumwa na familia moja ya Tamworth, mji wa mikoani kama wetu, unaojulikana kwa tamasha la muziki wa kantri. Dan Haslam alikuwa na saratani ya utumbo. Mama yake, Lucy, muuguzi. Baba yake, Lou, polisi mstaafu wa kikosi cha dawa za kulevya! Walipoona bangi inamwezesha kijana wao kula baada ya tiba ya kemikali, mama akaanza kugonga milango ya wakubwa. Dan alifariki tarehe 24 Februari 2015, ana miaka 25. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, Bunge la Shirikisho likapitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa.

Kwa hiyo hoja ni moja: New South Wales imtendee mwenye cheti cha bangi kama inavyomtendea mwenye cheti cha mofini. Sijasema bangi ihalalishwe. Mimi sivuti, na mwanangu nikimkuta nayo hatutaelewana. Karibuni, nipingeni.

MUUGUZI WA ZAMU

Kaka, mpe pole jirani. Ila umeruka jambo kubwa: cheti chenyewe kinapatikanaje siku hizi?

Katika bidhaa zote hizo, zilizosajiliwa kama dawa kamili Australia ni mbili tu, Sativex na Epidyolex. Zilizobaki mamlaka ya dawa, TGA, inaziruhusu kwa njia ya pembeni. Haijathibitisha kwamba zinatibu, na ruzuku ya serikali hazina, ndiyo maana jirani yako analipa bei nzima. Kitivo cha madaktari wa maumivu kiliwaambia wenzao mwaka 2021 wasiziandike kwa maumivu sugu yasiyo ya saratani, isipokuwa ndani ya utafiti. Mgongo wa jirani yako umo humohumo.

Halafu kuna hizi kliniki za simu, zinazoandika dawa kwa mbali. Julai 2025 AHPRA, chombo kinachosimamia madaktari na wauguzi, kilisema waandikaji 8 walionekana kutoa vyeti zaidi ya 10,000 kila mmoja ndani ya miezi 6, na mmoja alipita 17,000. Piga hesabu. Elfu kumi na saba kwa siku za kazi za nusu mwaka ni kama 130 kwa siku. Mgonjwa mmoja kila dakika nne, bila kwenda haja. Huyo ni daktari au ni mashine ya risiti?

Mimi nawapokea vijana wa kiume walioandikiwa maua makali ya bangi ya kuvuta kwa sababu "silali vizuri", wakaja kwetu wanasikia sauti. Ukisema cheti kilinde leseni, useme pia cheti cha nani.

MLETA HOJA

Dada, hapo umenibana na nakubali nimebanwa. Mchezo wa kliniki za simu ni aibu. Ila angalia nani anaadhibiwa. Aliyeandika vyeti 17,000 anaendesha gari lake kwenda kazini. Aliyenyang'anywa leseni ni mbeba mizigo aliyefuata maelekezo ya chupa. Kama tatizo ni mwandikaji, AHPRA ipo. Kijiti cha mate hakijui kama cheti kilitolewa kwa dakika nne au kwa saa nzima.

DEREVA WA LORI

Mimi napita barabara kuu ya Hume usiku na tani nyingi mgongoni. Swali langu dogo tu, utapimaje ulevi wenyewe? Pombe ina namba: 0.05, umepita au hujapita. Bangi haina. Mtu atasema "nilikunywa jana" na alikunywa saa mbili zilizopita. Polisi atajuaje? Na mimi nitakayegongwa uso kwa uso nitamwonyesha nani cheti?

MLETA HOJA

Swali zuri, na wanaolipuuza upande wangu wanakosea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipitia tafiti nyingi mwaka 2021 wakakuta kwamba THC humpunguzia mtu uwezo kwa kati ya saa 3 na 10, kutegemea kiasi, njia ya kutumia na mazoea yake. Saa 10 si kidogo. Matone ya saa 4 usiku na usukani wa saa 10 alfajiri, hapo ni saa 6 tu, bado hujavuka ukingo, na hata jirani nilimwambia hivyo.

Ila kijiti hakipimi hata hizo saa 10. Kinaonyesha dalili tu ya kwamba kitu kipo. David Heilpern, aliyekuwa hakimu Lismore, huku huku New South Wales, aliacha uhakimu mwaka 2020 na akasema wazi sheria hii ni mojawapo ya sababu: kila siku mbele yake walisimama watu ambao hakuna hata aliyedai kwamba walikuwa wamelewa, na alitakiwa awaondolee leseni katika eneo ambalo bila gari huendi popote. Mtu aliyeyumba barabarani ashtakiwe kwa kuendesha akiwa amelewa. Kosa hilo lipo peke yake na sitaki liguswe, awe na cheti au hana.

MAMA WA WAVULANA WATATU

Wanangu nyinyi mnaongea kama mawakili. Mimi naongea kama mzazi. Kule kwetu Uvira tulisema bange na kila mtu alijua ni kitu cha aibu. Hapa mtoto ananiambia, "Mama, ni dawa, na Canberra wanaruhusu." Nimjibu nini? Kila mkifungua dirisha kidogo, wao wanaona mlango mzima.

Na Griffith mmeisahau? Tulikaa huko kabla ya kuja hapa. Wazee wa pale bado wanamtaja Donald Mackay, mwenye duka la samani aliyewapinga wakulima wa bangi hadharani. Alipotea Julai 1977 na mwili wake haujaonekana hata leo. Msiniambie hii ni mboga.

MLETA HOJA

Mama, shikamoo. La Griffith sikupingi hata neno, wale walikuwa wauaji. Lakini walistawi kwenye biashara ya gizani, na jirani yangu alikwenda dukani mchana akakata risiti.

Kwa wavulana, mweleze hivi. Canberra, mji mkuu wenye sheria zake, tangu tarehe 31 Januari 2020 mtu mzima anaweza kuwa na miche 2 na gramu 50 zilizokauka. Kuuza bado ni jinai, na kijana aliye chini ya miaka 18 hayumo. Hapa Albury, polisi akimkuta mtu mzima na gramu zisizozidi 15 anaweza kumpa onyo rasmi, kwa hiari yake polisi, na mwisho ni mara mbili. Ng'ambo ya daraja kipimo cha onyo ni gramu 50. Onyo si ruhusa. Na kwa sisi tuliokuja kwa viza kuna kisu cha pili: kifungo cha miezi 12 au zaidi kinatosha kukufutia viza kwa kipengele cha tabia, na fomu ya uraia inauliza makosa yako. Mtoto wa mwenyeji akiteleza anapata funzo. Wetu anaweza kupata barua. Hilo ndilo la kumwambia, kuliko kumwambia ni uchawi.

MTU WA SHAMBA

Mnazungumza bangi ya kulewa tu. Mimi nafanya kazi kwa mkulima anayetaka kujaribu hempu. (Watu wa Tanga tulieni, si katani yenu. Katani ni mkonge. Hii ni ndugu wa bangi asiyelevya.) New South Wales ina sheria yake tangu 2008, THC isizidi asilimia 1, na huwezi kupanda bila leseni, wanakukagua kama una kesi za dawa za kulevya kabla hujashika mbegu. Kuila ndiko kulikochelewa, mbegu zake ziliruhusiwa kuwa chakula Novemba 2017. Sasa hivi zipo kwenye rafu za supermaketi karibu na uji wa shayiri.

Bosi wangu anachokwama si sheria. Mabua ni mepesi na yanajaza lori upesi, kwa hiyo ukiyapeleka mbali, nauli inakula faida yote. Bila kinu cha kuchakata hapo jirani, ni kulima ili ufurahishe macho. Mbegu ndiyo ina nafuu. Basi, sina zaidi, endeleeni na leseni zenu.

MUUGUZI WA ZAMU

Narudi kidogo. Mleta hoja, kwa nini unadhani New South Wales watakusikiliza? Kila serikali hapa na mto wake.

MLETA HOJA

Kwa sababu mahali unapofanyia kazi wewe mwenyewe, dada, pameshaonyesha inawezekana. Hospitali ya Albury iko ardhi ya New South Wales, lakini tangu 2009 inaendeshwa pamoja na ya Wodonga chini ya Victoria. Walikaa mezani wakakubaliana, kwa sababu mgonjwa wa moyo hawezi kusubiri wanasiasa. Reli ndiyo ilikuwa kichekesho: kila upande ulijenga upana wake, abiria wakawa wanashushwa Albury usiku wa baridi kubadili treni, kuanzia 1883 mpaka 1962. Miaka 79! Na Julai 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona tuliona foleni ya darajani, wengine tulilala kwenye magari.

Kwa hiyo nasema tusisubiri miaka 79 mingine. Mkutano wa serikali ya New South Wales kuhusu dawa za kulevya mwaka 2024 ulianzia Griffith na Lismore kabla ya kwenda Sydney, na ripoti yake ya 2025 ilitaka mwenye cheti apewe utetezi. Karatasi ipo. Mbunge wetu aulizwe, kwa barua, na kwa majina yetu.

DEREVA WA LORI

Na nikisimamishwa katikati ya daraja, niko chini ya sheria ya nani?

MLETA HOJA

Ha! Mto wote ni wa New South Wales, mpaka juu ya ukingo wa upande wa Victoria. Kwa hiyo sogea mbele kidogo ndipo upumue.

Jirani amebakiza wiki tano. Amepata kibarua cha muda hapohapo ghalani, zamu ileile. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka mimi. Jumanne na Alhamisi hana mtu. Anayevuka kwenda Albury saa 10 na nusu alfajiri aniandikie, mafuta tutachangia.