Nimelipia tovuti ya biashara yangu Mwanza, kumbe jina lake limeandikishwa kwa fundi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nimejitahidi kueleza kila jambo kwa utaratibu ili atakayesoma aone mahali hasa nilipoumizwa.

Ninauza dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa kwenye chanja, si wale wa kuanikwa mchangani ambao unawaosha mara tatu na bado unatafuna changarawe. Ninawapaki kwa nusu kilo na kilo moja nyumbani kwangu Kirumba, karibu na soko la Mwaloni. Wateja wa mikoani walipoanza kuniuliza kama nina tovuti wanayoweza kuangalia bei na kuweka oda, nilimtafuta fundi. Niliyempata ana ofisi katikati ya jiji, na bango lake mlangoni linaahidi tovuti za bei nafuu kwa wafanyabiashara wadogo.

Ankara yake ninayo mpaka leo. Jina la tovuti, yaani anwani yake ya mtandaoni, Sh 80,000, nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, Sh 150,000, leseni ya WordPress Sh 120,000, cheti cha usalama Sh 90,000 na utengenezaji Sh 210,000. Jumla ni Sh 650,000, na nililipa zote kwa mkupuo mmoja kwa sababu niliambiwa kazi haianzi bila malipo kamili.

Hakuna aliyenieleza kwamba WordPress ni programu huria ya kutengenezea tovuti inayotolewa bure tangu 2003, na kwamba anayetaka kuitumia hanunui leseni yoyote. Hakuna aliyenieleza kwamba cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli pembeni ya anwani, hutolewa bure na shirika lisilo la faida liitwalo Let's Encrypt, na kwamba seva ikishapangwa vizuri hukihuisha yenyewe kabla muda wake haujaisha. Nilikuja kuyajua hayo baadaye kwa kijana wa chuo aliyeiangalia ankara yangu akabaki kimya kwa muda. Fundi ana haki ya kulipwa kwa ujuzi wake na kwa muda wake, hilo silipingi hata kidogo. Aandike basi kwamba anadai ufundi, ataje bei yake, nami niamue kama ninaimudu. Kumwandikia mtu bei ya leseni isiyouzwa popote ni wizi.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Ukurasa wa mbele aliuwekea picha ya minofu myekundu ya samaki juu ya barafu, samaki ambaye hata ziwani kwetu hayupo, ilhali nilimpelekea picha zangu za dagaa wakiwa chanjani. Picha hiyo moja ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 9. Mteja wangu wa Tabora, anayenunua bando la siku kama sisi wengine, alinipigia kuniambia kwamba ameusubiri ukurasa ufunguke mpaka amechoka. Picha ya namna hiyo hupunguzwa kwa dakika mbili ikabaki chini ya kilobaiti 200, na jicho lisione tofauti yoyote kwenye simu.

Fomu ya oda ndiyo iliyonitoa machozi. Kwa miezi minne sikupata oda hata moja, nikajilaumu kwamba labda bei zangu ziko juu. Siku nilipokwenda ofisini kwake kuuliza, alifungua barua pepe yake mbele yangu, na humo zilikuwamo oda 11 ambazo hakuzifungua. Fomu ilikuwa inamtumia yeye. Moja ilitoka kwa mpishi wa shule huko Shinyanga aliyetaka magunia mawili, na nilipompigia alinijibu kwa upole kwamba walishapata kwingine.

Mwaka ulipokaribia kuisha aliniletea ankara mpya ya Sh 480,000. Niliikataa, nikamwomba anikabidhi jina la tovuti na nywila zake nihamie kwa mtu mwingine. Akanijibu kwamba jina halihamishiki mpaka nilipe. Jina la .com kwa kawaida hugharimu kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka! Nikaiandikia kampuni ya usajili wa majina ya tovuti iliyo nje ya nchi, nikaambatanisha risiti pamoja na cheti changu cha jina la biashara kutoka BRELA. Walinijibu kwa adabu kwamba katika kumbukumbu zao mmiliki ni fundi, na kwamba hawawezi kulihamisha bila ridhaa yake. Kanuni za majina ya .com zinataka mmiliki akiomba msimbo wa kuhamishia jina apatiwe ndani ya siku 5, lakini zinamlinda aliyeandikwa, na aliyeandikwa si mimi. Siku ya kulisajili aliandika jina lake, simu yake na barua pepe yake, huku fedha ikitoka kwangu.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini sikutosheka na WhatsApp Business, ambayo ni bure tangu 2018 na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei, au kwa nini sikuiweka biashara yangu kwenye ramani ya Google, ambako pia hailipiwi. Huko ndiko nilikorudi, na kwa anayeanza leo ningemwambia aanzie huko huko kabla hajatoa hata senti. Lakini huko mimi ni mpangaji tu: akaunti ikifungwa, wateja wote wanapotea nayo. Nilitaka anwani yangu mwenyewe, nitakayoendelea kuitumia hata nikibadilisha fundi au seva.

Sasa muda wa jina unaelekea ukingoni. Lisipolipiwa, baada ya muda wa nyongeza anaotoa msajili huingia katika siku 30 za kukombolewa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, kisha huachiwa yeyote anayelitaka. Nilichapisha mifuko 2,000 yenye anwani hiyo, na imebaki 1,400 stoo.

Ninachodai kwa fundi huyu ni jina lihamishiwe kwangu, zile Sh 120,000 za leseni zirudi, na oda zote zilizoingia kwenye barua pepe yake nikabidhiwe. Ujumbe wa madai haya ameusoma tangu Jumatatu, na hajajibu. Aliyewahi kulirudisha jina lake kutoka kwa fundi wa namna hii, hapa Mwanza au kwingine, namwomba anieleze alianzia ofisi gani na alipeleka vielelezo vipi.