Naomba ushauri: mwendo na uzito wa watoto wa Gredi 3

Asalaam aleikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Nafundisha Gredi 3 hapa Malindi na michezo nimeachiwa mimi. Nataka kujua watoto wana pumzi kiasi gani, nikachagua kipimo cha kutembea dakika 6: alama mbili umbali wa mita 30, mtoto anakwenda na kurudi, hakuna kukimbia, kisha unahesabu mita alizofika.

Wote wazima, hakuna mwenye pumu. Ila matokeo yananichanganya. Mmoja mnene, huletwa na tuktuk kila siku, alibaki nyuma sana, kola imelowa jasho. Mwingine uzito wao unakaribiana, lakini ni mrefu na huja kwa miguu kutoka Muyeye. Huyo aliwaacha wengi. Nimewapima asubuhi kabla jua halijawaka, tena mmoja mmoja maana wakiwa pamoja ni mbio tu, na bado tofauti iko palepale.

Najua Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kimwili kwa siku, miaka 5 hadi 17. Swali langu ni hili: nikilinganisha watoto, nianze na urefu na umri, au uzito ndio wa kutazamwa kwanza?

La pili, waliowahi kupima uzito shuleni, mlifanyaje mtoto asiaibike? Huyu wa tuktuk washaanza kumwita "bonge", na mamake amenijia juu.