DAKIKA TANO Dar–Zanzibar?! Hiki kikokotoo kinatuchukulia poa

Wakuu, kile kikokotoo cha umbali wa viwanja vya ndege mnakijua, sina haja ya kukitaja. Kimetoa jibu sasa hivi: Dar–Zanzibar kilomita 73, muda angani DAKIKA TANO. Dakika tano! Chai haijachemka, wewe uko Forodhani unachagua mishkaki.

Kilomita 73 sina ugomvi nazo, ndio mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Nyerere hadi wa Karume. Ila kimechukua 73 kikagawanya kwa 900, kasi ya jeti ikiwa huko futi 35,000. Sasa kwenda Unguja nani anapanda futi 35,000? Chini ya futi 10,000 kanuni ya kawaida ni mwisho kama kilomita 460 kwa saa, hata uwe na jeti. Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, inakwenda kama 300, hizo ni dakika 15, na bado hujatambaa ardhini kwenda njia ya kurukia. Tiketi inahesabu tangu ndege inaposogea mpaka inapoegeshwa, ndiyo maana inaandika dakika 20 na kitu. Dakika tano ndege bado inaomba ruhusa ya mnara!

Na upepo? Njia ya kurukia na kutua ya uwanja wa Unguja imelala kaskazini–kusini. Kaskazi ukivuma, unatoka Dar unaingia moja kwa moja. Kusi ukishika, rubani lazima atue akiukabili upepo: anaupita uwanja, anageuka, anarudi akiitazama Dar alikotoka. Kikokotoo kinaujua kusi? DAKIKA TANO.

mwana_wa_pwani: Umekipa hesabu ya kugawanya, kimegawanya. Ulitaka kikukamulie na juisi ya miwa? 😂

Kipanga72: Afadhali hiyo. Ukiandika "Arusha" kinakupa KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kama kilomita 50 kutoka mjini, wakati kiwanja cha Kisongo kipo pale pale jirani. Andikeni zile herufi tatu za kiwanja: JRO ni KIA, ARK ni Kisongo. Vinginevyo teksi itakula nauli ya ndege.

dada_wa_mizigo: Ndogo hiyo. Nairobi–Kigali ni saa moja na nusu hivi, ila Kigali iko nyuma saa moja. Ukiondoka saa 4:00 unafika 4:30. Watu wanatoa, wanapata nusu saa, wanamsifu rubani! Dubai ni kinyume, iko mbele saa moja, kwa hiyo safari inaonekana ndefu kuliko ilivyo.

mkuu_wa_foleni: Nyie mnaongelea saa wakati kuna watu tiketi imeandikwa 07:00 wanatokea saa saba mchana, na makapu ya embe juu. 07:00 ni saa MOJA asubuhi. Toa sita, basi.

mwana_wa_pwani: Na 05:00? Nitoe sita nibaki na deni?

mkuu_wa_foleni: Hapo unaongeza sita! Saa kumi na moja alfajiri. Shule mlikwenda kula uji.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye dakika tano basi...

Kipanga72: Kwani boti ni muda gani?

dada_wa_mizigo: Ile ya kasi, saa mbili hivi.

mwana_wa_pwani: Saa mbili ya asubuhi au saa mbili za njiani?

dada_wa_mizigo: Za njiani 😂 Na kwa kusi hii, beba ndimu.