Leseni ya mwongoza watalii: kufunga kazi au kulinda jina tu?

Katibu_Chama
Heshima kwenu wakuu. Chama chetu kimeombwa maoni kuhusu rasimu ya kanuni za waongoza watalii. Inasema asiye na leseni asiongoze mgeni kwa malipo mahali popote, mtihani uwe mmoja wa maandishi, na leseni iwe ya mwaka mmoja. Turekebishe wapi?

Msoma_Kanuni
Mkuu, amueni kwanza mnazuia nini. Kuna mfumo unaofunga kazi yenyewe: huna leseni, huongozi. Na kuna unaolinda jina tu: yeyote anaweza kuongoza, ila jina la mwongozaji aliyesajiliwa ni la waliofaulu. Japani ilikuwa na ule wa kwanza tangu 1949, ikahamia wa pili Januari 2018 kwa kuwa wageni waliongezeka na wenye leseni hawakutosha.

Hayo maneno "mahali popote" yafuteni. Mwaka 1991 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilizitia hatiani Ufaransa, Italia na Ugiriki kwa kuwadai leseni waongozaji waliofuatana na vikundi kutoka nchi nyingine za Jumuiya ya Ulaya, lakini ikayaacha nje makumbusho na majengo ya kihistoria yanayohitaji mwongozaji maalumu. Fungeni kazi pale ambapo kosa la mwongozaji linaumiza mtu au kuharibu kisichorudi: mlimani, kwenye wanyama wakali, pango lenye michoro. Matembezi ya mitaani yanatoshwa na ulinzi wa jina.

Mkufunzi
Hapo kwenye mtihani ndipo rasimu ni dhaifu kuliko pote. Maswali ya kuchagua jibu hupima kumbukumbu tu. Washington, mji mkuu wa Marekani, walikuwa na mtihani wa maswali 100. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliutupa kwa kukosa ushahidi kwamba unamkinga mgeni na matapeli.

Kiwango cha Ulaya EN 15565 cha 2008 kinataka mafunzo ya vipindi visivyopungua 600, vitendo vikiwemo. Hata msipofika huko, wekeni mtihani wa njiani. Mtahiniwa aambiwe njia asubuhi hiyohiyo, aongoze kundi dakika 40, na wasahihishaji wawili waandike alama kila mmoja kivyake. Anayewasimamisha wageni jua likiwapiga machoni, au anayeanza kueleza kabla wa nyuma hawajafika, apoteze alama hata kama tarehe zote anazo kichwani. Je, anahesabu watu kabla ya kuondoka kila kituo? Akiulizwa asilolijua, anakiri au anabuni? Lugha ipimwe kando na iandikwe kwenye leseni.

Mkaguzi
Leseni isiyokaguliwa inawaumiza waaminifu peke yao. Ukaguzi ufanyike langoni, kabla tiketi ya kikundi haijakatwa. Kitambulisho kiwe na picha, namba, lugha, eneo na tarehe ya mwisho, kwa herufi zinazosomeka bila kukishika mkononi. Namba hiyo ipatikane kwenye daftari la wazi mtandaoni. Daftari lisipokuwepo, kadi ya aliyesimamishwa itaendelea kupita, au atapewa ndugu yake aitumie.

Mwaka mmoja ni mfupi. Leseni zote zikiisha 31 Desemba, maombi hujazana dirishani na Januari watu huongoza kwa risiti. Wekeni miaka mitatu kuanzia siku ya kutolewa, ila bima na cheti cha huduma ya kwanza vihuishwe kwa muda wake, na kimoja kikiisha leseni isimame yenyewe. Kampuni inayomtuma asiye na leseni ipigwe faini kubwa kuliko aliyetumwa, la sivyo kesho itamtuma mwingine. Rufaa isisikilizwe na waliotoa uamuzi wa kwanza.

Katibu_Chama
Asanteni sana. Na waliofanya kazi miaka mingi bila cheti?

Mkufunzi
Wapeni leseni ya mpito ya miezi 18. Wasamehewe masomo ya darasani, si mtihani wa njiani wala huduma ya kwanza. Wengi wao hukwama kwenye karatasi, kazi wanaiweza. Waruhusiwe kujibu kwa mdomo, kwa lugha wanayoongozea. Na msitangaze tarehe ya mwisho kabla ya kuhesabu wasahihishaji mlio nao: kwa dakika 40 za njiani pamoja na muda wa kuandika alama, jozi moja haipaswi kupewa zaidi ya watu wanane kwa siku.