Naomba ushauri: swichi ya ufunguo ya pikipiki inakwama, nisafishe au nibadilishe?
Habari wakuu. Pikipiki ni ya cc 125, swichi ya waya nne. Ufunguo ulikuwa hauzunguki mpaka uutikise. Nimepuliza vumbi kwa kompresa na kupaka unga wa penseli kwenye meno ya ufunguo. Oili sikuweka, inashika vumbi na kugeuka gundi. Sasa unazunguka laini, ila taa ya nyutro (gia huru) bado inakatika. Kwa mita, swichi ikiwa imewashwa, waya mwekundu na mweusi zinasoma omu 0 (hakuna ukinzani wa umeme), nikigusa ufunguo zinaruka hadi 40. Nadhani vishaba vya ndani (vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme) vimelika.

Dukani nimepata ya waya mbili tu. Kwenye ile ya waya nne, jozi ya pili ndiyo inayopeleka waya wa CDI (kifaa kinachotoa cheche za plagi) kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, ili injini izime. Nikiiacha jozi hiyo wazi, si injini itaendelea kunguruma hata ufunguo ukiwa mfukoni? Na vishaba vikisuguliwa kwa msasa laini, vinadumu?