Msaada wa haraka: Bimkubwa katundikiwa damu, anatetemeka, nesi anasema "nakuja"

Msukuma_Toroli: Wakuu, niko wodini na bimkubwa. Katundikiwa damu muda si mrefu, sasa anatetemeka na mgongo unamuuma. Nesi nikimfuata ni "nakuja, nakuja". Nikimpa kitu kidogo atachangamka au nitajiharibia?

Kibatari: Kunja elfu kumi, msalimie kwa mkono. Mimi sijasema kitu.

Bi_Chausiku: Pole mwanangu. Mdogo wangu alipojifungua tuliambiwa ndugu tukachangie damu. Shemeji, pande la mtu, akazima simu eti anaogopa sindano! Hadi leo hatusalimiani.

Nesi_Mstaafu: Acheni habari za hela. Baridi na mgongo wakati damu inaingia ni hatari. Funga kile kigurudumu cha kwenye mpira SASA HIVI. Usichomoe sindano, usitupe mfuko. Nenda mezani kwao useme kwa sauti: "Mgonjwa anatetemeka, damu inaingia!" Ukisema "njoo umwone mama" utapanga foleni na wenye shida za mashuka. Akizubaa, ulizia daktari wa zamu. Halafu soma lebo: jina ni lake?

Msukuma_Toroli: Nimefunga. La kwanza ndilo. La pili silo.

Nesi_Mstaafu: Alimuuliza jina kabla ya kutundika?

Msukuma_Toroli: Bimkubwa alikuwa kasinzia. Aliangalia namba ya kitanda.

Nesi_Mstaafu: Na kitanda ni chake?

Msukuma_Toroli: Jioni tulibadilishana na mama wa dirishani, wenyewe walikubaliana. Joto lile hata wewe ungehama. Mlinzi alituona, nikampa ya soda. Sasa nataka nimrudishe kitandani kwake kimyakimya kabla nesi hajafika, yaishe.

Nesi_Mstaafu: USIMHAMISHE! Waambie hivyo hivyo ulivyotuambia.

Mwl_Zuberi: Mnahamahama vitanda kama siti za daladala, kisha lawama kwa nesi aliyeachiwa wodi nzima peke yake. Adabu hakuna.

Dakawa: Hii chai. Mama anatetemeka, wewe umekaa unachapa uzi? Na mwezi uliopita si uliomba ushauri wa msiba wa bimkubwa?

Msukuma_Toroli: Yule alikuwa mama mkubwa, Dakawa. Kwetu wote bimkubwa.

Kibatari: Tangawizi imekolea. Naomba na chapati.

Bi_Chausiku: Nyie acheni. Mwanangu, ushawaambia?

Msukuma_Toroli: Nimesema yote. Daktari kafika, wametoa mpira wote wakaweka maji. Mfuko unarudi maabara, wamemtoa damu nyingine ya kupima na wanasubiri mkojo waone rangi. Nesi ananikata jicho kweli kweli.

Dakawa: Piga picha ya mfuko tuamini.

Nesi_Mstaafu: Asipige picha yoyote. Toroli, yule mama wa dirishani si ndiye aliyelala kitanda cha mama yako? Sindano ya usiku ya mama yako kachomwa nani?