Sehemu yangu imeitwa ya hasara: kituo cha ufundi cha serikali kinapimwaje?

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Wandugu, jambo. Nafundisha kuchomelea vyuma katika kituo kimoja cha serikali hapa Lubumbashi, mwaka wa tisa huu. Wiki jana mkubwa wetu aliita walimu wote, akabandika karatasi ukutani: matumizi ya kila sehemu, kugawa kwa idadi ya waliopata breveti, ndiyo cheti cha kumaliza. Sehemu yangu dola 6,800 kwa vijana 17, ndiyo dola 400 kwa kichwa. Ushonaji dola 3,800 kwa 38, dola 100. Jina langu limepigwa mstari mwekundu. Jumatatu nipeleke maelezo.

Sibishi kugawanya, hata mtoto wangu anajua. Ila aje aone atelye. Kijana mgeni, bageti, ile fimbo ya kuchomelea, inamnatia kwenye chuma kama ukoko wa bukari kwenye sufuria. Anaivuta, inapinda, ganda la dawa linabanduka, basi hiyo ni ya kutupa. Bageti ya milimita 2.5 inataka ampea kama 80, ya 3.2 inataka 110 na zaidi. Mpaka mkono wake uzoee hiyo tofauti, pakiti imeisha. Umeme ukikatika tunawasha grupu (jenereta), na mazutu (dizeli) yote yanaandikwa juu yangu, maana wenzangu wa ushonaji wana mashini za kukanyaga. Nikitaka dola 100 kwa kichwa, dawa ninayo: nifundishe kuchomelea kwa chaki, kisha wote niwape breveti.

Je, kuna kipimo kingine kinachokubalika, kisichohitaji mtu anionee huruma?

hesabu_baridi
Mwalimu, kipo, tena cha zamani. Mwaka 1957 mchumi mmoja Mwingereza, Farrell, alisema usimlinganishe mtu na wastani, mlinganishe na yule anayefanya vizuri kuliko wote kwa vifaa vya namna hiyohiyo. Mwaka 1978 Charnes, Cooper na Rhodes wakaifanya kuwa hesabu ya kompyuta, inaitwa DEA (Data Envelopment Analysis). Australia wameitumia kwa vyuo vyao vya ufundi vya umma, vile vya TAFE.

Uzuri wake: unaingiza vitu vingi kwa pamoja. Upande mmoja walimu, feza, mashini. Upande wa pili masaa ya mafunzo, waliomaliza, waliopata kazi. Kila kituo kinapata alama isiyozidi 1. Ukipata 0.8, maana yake wapo wenzako ambao kwa sehemu nne katika tano za unachokula wewe wangetoa kilekile.

Sasa mtego. Wengi wanafuata kanuni hii: jumlisha vinavyoingia na vinavyotoka, zidisha kwa tatu, hiyo ndiyo idadi ya vituo unavyohitaji angalau. Viwili vinaingia, viwili vinatoka: vituo 12. Ukiwa na vichache karibu kila mmoja anapata 1, mnapongezana bure. Halafu kazi iwe moja. Kuchomelea na kushona ni lori na baiskeli. Na DEA haijui umeme umekatika: upungufu wote kwake ni uzembe. Ndiyo maana tangu 1977 kuna njia nyingine inayojaribu kutenga bahati mbaya na uzembe, ila hiyo inataka takwimu nyingi zaidi.

Kwa Jumatatu usibebe DEA. Omba ulinganishwe na wanaofundisha kuchomelea katika miji ya jirani, Likasi na Kolwezi, na ubadilishe namba mnayogawanyia: iwe waliopata kazi, si breveti.

Patron_Kampemba
Miye mwajiri, mchango wa INPP, shirika la serikali la mafunzo ya kazi, nalipa, kwa hiyo niruhusuni kuuliza. Breveti siangalii. Nampa kijana vipande viwili vya chuma, namwambia achomelee wima, kutoka chini kwenda juu. Dakika kumi. Kisha napiga nyundo. Waliopita nyundo ndio muhesabu.

Mama_Mashini (Bukavu)
Kaka, pole kwa mstari mwekundu, lakini usitukanyage na mashini zetu. Nimefundisha ushonaji miaka kumi na miwili. Unajua kwa nini sisi ni "rahisi"? Kitambaa kinaletwa na mwanafunzi. Uzi, sindano, zipu, vyote vinatoka mfukoni mwa mama yake anayeuza ndizi. Kituo hakiandiki, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna. Kwangu wasichana walikuwa wanaacha mwezi wa tatu, si kwamba hawajui kukata, ni kitambaa kimewashinda. Muulize mwenzako wa hapo kila mmoja analeta cha ngapi.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Aksanti mama, umenipiga kofi la haki. Nimemuuliza. Walianza 40, kila mmoja alileta vitu vya kama dola 70 kwa mwaka. Hizo 2,800 hazipo popote.

Jana usiku tulikaa naye, yeye na simu yake, miye na yangu, tukapigia wahitimu mmoja mmoja. Wangu 17: wanaofanya kazi ya vyuma 11, watatu wanafanya mengine (mmoja ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, akanicheka, "Mwalimu, hapa nakula kila siku"), watatu hawapatikani. Kwa hiyo mimi si dola 400, ni 618. Nimepanda! Kwake kati ya 38 wanaoshona kwa malipo ni 9. Feza ya kituo tu ni dola 422 kwa mmoja, ukiongeza ya wazazi ni 733.

Nimeandika zote, na ile 618 nimeiweka juu kabisa, mkubwa asije akaigundua mwenyewe. Nimeambatanisha vipande vinne vya mwaka huu, vilivyopigwa nyundo. Viwili vimepasuka.

Papa Patron, Jumatatu saa nne, unaweza kufika na nyundo yako?